Jumamosi kwa Kocha: mpira, hesabu na elfu moja isiyotosha

Nashona nguo za shule kwenye kibaraza karibu na soko hapa Mtwara mjini, mwaka wa kumi na mbili huu. Kazi hii imenizoesha kutosifu kitambaa kabla hakijafuliwa mara tatu nne. Ndiyo maana nimengoja miezi minane kabla ya kuandika habari za darasa la Jumamosi ambalo mwanangu wa kike, aliye darasa la sita, anakwenda. Limeshafuliwa vya kutosha sasa. Naweza kusema rangi yake haitoki, na naweza kusema pia lilipofumuka.

Wengi wanaopita kibarazani wanadhani ni timu. Si timu. Ni darasa la asubuhi, saa 1 hadi saa 4, kwenye kiwanja cha mchanga chenye mikorosho upande mmoja. Anayeliendesha ni binti mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili, anayecheza kiungo kwenye timu ya wanawake ya chuo chao. Saa moja na nusu ni mpira, saa moja ni hesabu, nusu saa ya mwisho ni ya mtaa, na hiyo nitaieleza. Malipo ni Sh 1,000 kwa mtoto kila Jumamosi, na ukipeleka wawili unalipa 1,500. Watoto wanamwita Kocha, na sisi wazazi tumefuata hapo hapo. Jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda nilitaje.

Niseme tulikotoka. Kabla ya hapo mwanangu alikuwa akienda tuisheni ya jioni, Sh 500 kwa siku, chumba kimoja, watoto zaidi ya hamsini. Mwalimu anaandika maswali ubaoni, watoto wananakili. Anaandika majibu, wananakili. Daftari lilirudi nyumbani limejaa vema nyekundu, ukilitazama unafurahi. Mtihani wa muhula ukaja na alama 14 kati ya 50. Nikachukua tepu yangu, nikamwambia nionyeshe theluthi ya mita. Akanitazama tu. Nguo ya namna hiyo naijua: nje imenyooka, ukiigeuza ndani hakuna mshono.

Jirani yangu muuza mihogo ndiye aliyeniambia kuhusu Kocha. Siku ya kwanza nilikwenda mwenyewe, nikakaa chini ya mkorosho saa zote tatu, maana simwachi mtoto mahali ambapo sijapaona.

Nilichokiona siku ile ndicho kilichonifunga. Watoto walikuta kiwanja kitupu, hakina mstari hata mmoja. Kocha akawaambia leo hatuchezi mpaka tumechora duara la katikati, na duara la katikati lina kipimo chake: kutoka kwenye kitovu hadi kwenye mstari ni mita 9.15. Hawakuwa na kipimo kirefu, walikuwa na kamba na rula za shule. Nikainuka, nikatoa tepu yangu mkobani, maana fundi hatembei bila tepu. Tepu yangu ina sentimita 150. Kocha akaishika juu, akauliza: tepu ya mama ikilazwa mara ngapi tutafika mita 9.15?

Wakakaa kimya. Mvulana mmoja akasema mara tisa. Kocha hakumwambia amekosea. Akamwambia, lala chini upime. Wakalaza tepu mchangani, mtoto mmoja akiweka kidole pale inapoishia, mwingine akiisogeza. Mara sita, ikabaki sehemu fupi. Wakapima ile fupi kwa rula: sentimita 15. Sita mara 150 ni 900, ongeza 15, ni 915. Nilimwona mwanangu akiandika ile 915 kwenye mchanga kwa kidole, kisha akaweka nukta baada ya 9, akainua uso. Mtoto wangu huyu alikuwa amefundishwa desimali mwaka mzima. Siku ile ndiyo zilimwingia.

Kisha wakafunga kamba kwenye kigingi, wakaikata kwa urefu ule, mmoja akazunguka nayo akikwaruza mchanga kwa kijiti mpaka duara likakutana. Jumamosi iliyofuata wakapiga hesabu ya mzingo wake kwa 22 juu ya 7, wakapata mita 57 na nusu na kidogo, halafu wakauhakiki kwa hatua za miguu. Sikujua kwamba goli la kweli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, wala kwamba ukigawanya unapata 3 kamili. Sasa najua, kwa sababu mwanangu alinieleza akiwa anaosha vyombo: goli lolote utakalochomeka vijiti, hata la mita tatu, kimo chake kiwe theluthi ya upana. Theluthi ile ile niliyomwuliza.

Ndiyo maana nasema mpira pale si chambo. Nimeona madarasa mengine ambako mtoto anapewa nusu saa ya mpira ili akubali kukaa kwenye hesabu, kama dawa inayopakwa sukari. Kwa Kocha hesabu inatoka ndani ya kiwanja chenyewe, na asiyeipata hachezi vizuri, kwa kuwa goli litapinda na duara litakuwa yai.

Hata mipira anaieleza. Anayo miwili tu, mmoja saizi 5 na mmoja saizi 4. Saizi 5 ni ya wakubwa, ina gramu 410 hadi 450. Saizi 4 ina gramu 350 hadi 390, na ndiyo anayotaka watoto wa rika la mwanangu wacheze nayo, ili wasijifunze kupiga kwa ncha ya kidole kwa sababu mpira ni mzito. Aliwapa watoto mipira yote miwili mikononi wakakisia tofauti kabla ya kuwaambia. Viatu si lazima. Wengi wanacheza pekupeku, na yeye anawasaidia kwa kuukagua mchanga kabla ya kuanza, ingawa hapo nitarudi.

Nilitaka kujua kama anachofundisha anakiweza mwenyewe. Nikaenda kutazama mechi yao uwanjani kwa chuo, Jumatano jioni, nikafunga kibaraza mapema. Mimi si mtu wa mpira sana. Nilikwenda uwanja wa Nangwanda Sijaona mara chache enzi za timu ya Ndanda kwenye Ligi Kuu, nikarudi na sauti imekauka, basi. Lakini jicho la fundi linaona mkono unaorudia jambo. Niliona binti huyu kila mara kabla mpira haujamfikia anageuza kichwa, bega la kushoto, bega la kulia, kisha ndipo anapokea. Wenzake walipokea kwanza kisha wakatafuta pa kuupeleka, wakanyang'anywa. Yeye alipopokea alikuwa tayari anajua. Hakufunga goli. Nadhani watu wengi pale hawakumwona kabisa. Ila kila mpira uliotulia ulikuwa umepita kwake.

Jumamosi yake nikamsikia akipiga kelele kwa watoto, "Tazama kabla haujafika!" Na kwenye hesabu neno lile lile: swali la maneno wanalisoma mara mbili kalamu zikiwa chini, mpaka wamesema linauliza nini. Mwanangu amelichukua hata nyumbani. Nikimtuma dukani, ananirudishia orodha kwa mdomo kabla ya kuondoka.

Na masomo yake mwenyewe hayajalala. Anakuja na noti zake kwenye mfuko wa nailoni, na watoto wanapokunywa maji yeye yuko chini ya mkorosho anasoma ukurasa mmoja, wawili. Mwanachuo mwenzake aliyekuja kushonesha sketi kwangu aliniambia bila kuulizwa kwamba kwenye hesabu darasa zima linamfuata yeye kuuliza. Timu yao ilikuwa ikijiandaa kwa UMISAVUTA, michezo ya vyuo vya ualimu, na yeye alikuwa akifanya mazoezi alfajiri ili jioni zibaki za kusoma.

Sasa jambo la nyumbani, ambalo najua wazazi wengi wa huku litawahusu.

Likizo ya mwezi wa Desemba mwanangu alichezwa unyago. Alipotoka, shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, akasema mpira umekwisha. Mtoto ni mwali sasa, hawezi kukimbizana na wavulana kwenye kiwanja na bukta. Sikumjibu. Shangazi ni shangazi, na alilokuwa analilinda ni jambo la heshima. Nilimpelekea Kocha habari, nikitarajia atasema basi, mama, pole. Akaniuliza nyumba ya shangazi iko wapi.

Alikuja siku ya Jumapili, amevaa kanga mbili, akavua ndala mlangoni, akapiga goti, "Shikamoo shangazi." Akakaa kwenye mkeka. Hawakuanza na mpira. Walianza na kwao ni wapi, akasema Newala, wakapata mpaka mtu wanayefahamiana wote. Ndipo shangazi akauliza, "Na wewe mwenyewe umechezwa?"

"Nimechezwa, shangazi."

"Na somo yako, aliyekufunda unyagoni, alikuruhusu mpira?"

"Somo alinifunda usafi, adabu na kuutunza mwili wangu. Kuhusu mpira hakunikataza. Alinikataza kukaa ovyo na kurudi usiku."

Shangazi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema nguo. Tatizo langu ni zile nguo. Kocha akanitazama mimi, fundi. Wiki ile nikashona suruali ndefu ya kitambaa cha trakisuti, pana mapajani, yenye ukanda wa mpira kiunoni, na kitambaa cha kichwa kinachofungwa nyuma bila pini, maana pini inachoma mtu akianguka. Tangu hapo nimewashonea wasichana tisa. Siku hizi Ijumaa jioni shangazi ndiye anayeuliza kama suruali imekauka.

Kocha aliwasimulia watoto baadaye habari za Serengeti Girls, wasichana wetu wa chini ya miaka 17 waliokwenda Kombe la Dunia India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Mwanangu aliniuliza kama wale nao wana shangazi. Nikamwambia wote wanao.

Ile nusu saa ya mtaa. Kila Jumamosi, kabla ya kutawanyika, watoto wanagawanywa makundi na kwenda nyumba mbili tatu za wazee wanaoishi peke yao. Wanachota maji, wanafagia, wanasoma ujumbe wa simu kwa asiyeona vizuri. Mwanzoni nilidhani ni mapambo. Nikabadilika kwa sababu ya mzee mmoja mwenye mikorosho upande wa Nanguruwe. Anauza kupitia chama cha msingi kama wote, kwa stakabadhi ghalani: unapeleka mzigo, unapewa karatasi ya kilo, mnada unafanyika, makato yanatolewa, fedha zinakuja benki. Mzee aliona fedha zilizoingia ni pungufu, akakaa na kinyongo miezi minne, na karatasi zake amezikunja ndani ya kofia.

Kocha akazigeuza kuwa somo, kwa ruhusa ya mzee. Karatasi mbili, moja ya kilo 112 na nyingine kilo 74. Watoto wakajumlisha, kilo 186. Wakazidisha kwa bei ya mnada aliouzia, Sh 3,300, wakapata 613,800. Kisha wakaanza makato, moja moja, kila kilo kiasi fulani, wakiyasoma kwenye karatasi na kumweleza mzee kila moja ni la nini. Mwisho ikakaa sawa na ujumbe wa benki, shilingi kwa shilingi. Alichosahau mzee ni kwamba bei inayotangazwa mnadani bado haijatolewa makato. Mwanangu ndiye aliyesoma jibu. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, nirudie polepole." Akarudia mara tatu. Siku hiyo walichelewa kurudi, saa 5 ilikuwa imepita, na wazazi tuliokuwa tunangoja hatukusema neno.

Kuhusu nidhamu nitasema kwa ufupi. Kuna mvulana mmoja pale ana mguu wa kushoto ambao hata mimi nauona. Alikuja bila kazi ya nyumbani, Kocha akamkalisha nje ya mechi, akampa kijiti ahesabu pasi za kila timu na kutafuta asilimia ya zilizofika. Mama yake alikuja juu, anadai amelipia mtoto acheze. Kocha akampokea kwa heshima zote, akamrudishia elfu moja yake, na mtoto hakucheza. Wiki iliyofuata kazi ilikuwa imefanywa, na mama aliirudisha ile elfu.

Sasa yaliyofumuka.

Kuna wakati darasa lilifungwa wiki tano, Kocha akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha mbali na mjini. Kwenda lazima aende, hilo ni la chuo. Lakini tulijua Jumamosi asubuhi, watoto wamekwisha kufika na chupa za maji. Nilimwambia wazi kwamba mzazi anayefunga biashara yake ili amsindikize mtoto anahitaji kujua tangu Jumatano. Aliomba radhi, na tangu hapo ujumbe unakuja mapema.

Watoto wamezidi. Nilipoanza walikuwa 16, leo ni 31, na yeye ni mmoja. Wadogo wa darasa la pili na la tatu wanangoja sana zamu yao, wanaanza kurushiana mchanga. Anahitaji mwenzake, hata mmoja. Baada ya saa 3 kivuli cha mikorosho kinakwisha na jua la huku mnalijua. Choo hakuna, wanaomba kwa jirani, ambaye amekuwa mwema lakini hajaulizwa rasmi. Na mwezi wa tatu mtoto mmoja alikatwa unyayo na kipande cha chupa kilichofukiwa mchangani, tukamfunga kwa upindo wa kanga kwa kuwa hapakuwa na bandeji hata moja. Jambo hili lilinikera kuliko yote. Sasa kuna kisanduku chenye bandeji, pamba na spiriti, na wazazi wawili wanapita na reki kabla ya saa 1. Hilo lingekuwepo tangu siku ya kwanza, na sisi wazazi tuliokuwa tumekaa pale tulikuwa na wajibu wa kulifikiria.

Nafika kwenye malipo, jambo lililonifanya nishike kalamu hasa. Kocha aliniomba nimsaidie kupanga hesabu za darasa, maana mimi nimezoea daftari la wadeni. Jumamosi moja tulihesabu pamoja: zilikusanywa Sh 19,000. Karibu theluthi ya watoto hawakulipa, na hakuna aliyerudishwa. Kwenye hizo alitoa chaki, kamba, bandeji, nauli yake ya bodaboda kwenda na kurudi, na akatenga fedha za mpira mpya kwa sababu ule wa saizi 4 umeanza kutoka uzi. Zikabaki 4,500. Kwa saa tatu, na zile za kuandaa maswali usiku. Binti huyu analipa ada, ananunua sabuni, anakula. Tuisheni ile ya vema nyekundu nilikuwa nalipa 2,500 kwa wiki bila kusita.

Tumekuwa tukimsifu kwamba anajitolea, na sifa hiyo imetufaa sisi kuliko yeye. Anajitolea kwa wale wasioweza. Sisi tunaoweza tumejificha nyuma yao. Nimewaeleza wazazi wenzangu tulipokutana, na tumekubaliana kwamba kuanzia mwezi ujao anayeweza atalipa 2,000, asiyeweza atabaki kama alivyo na hataulizwa. Mimi naongeza vizibao vya rangi mbili kwa ajili ya mechi, kutoka kwenye vipande vinavyobaki kibarazani, vya kijani na vya njano.

Mkinitaka nitoe nyota, ni nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka nione mwalimu wa pili wa wadogo na ruhusa ya choo. Alama za mwanangu muhula huu ni 31 kati ya 50. Bado anachanganya kugawanya desimali, na Kocha analijua hilo, ameniambia kabla sijamwuliza.

Anayetaka kumpeleka mtoto, aje naye mwenyewe mara ya kwanza, akae mpaka mwisho. Daftari, penseli, rula, maji lita moja, kofia au kitambaa cha kichwa. Jumamosi hii wanachora eneo la penalti, linaloingia uwanjani mita 16.5 kutoka mstari wa goli. Nimempa mwanangu tepu ya akiba, na jibu sijamwambia, ila nimeshalipiga mwenyewe hapa kwenye cherehani: ni tepu 11 kamili, hakuna kinachobaki.